Bahasha Isiyosema Kitu

Siku yangu ya kwanza kwenye kitengo cha madeni cha benki, hapa Muscat, nilipewa meza, rundo la bahasha na muhuri wa wino mwekundu: "Deni Limepita Muda." Muhuri ule ukigongwa nje ya bahasha. Mudir wetu, mkuu wa kitengo, akisema aibu inalipisha upesi kuliko mahakama.

Nyinyi vijana wa simu hamjui. Hapa barua haiji mlangoni, inakwenda sanduku la posta, na sanduku moja lilikuwa la ukoo mzima, ufunguo anao mkubwa wao. Basi bahasha yetu ikisomwa na shemeji, ami na mke wa ami kabla ya mwenyewe.

Wiki ile ile akaja mama mmoja mjane, mwalimu wa mtaa wa Al Khoudh. Alichelewesha kulipa mkopo wa gari, na bahasha zetu alikwisha kuziona kwa jirani. Hakuomba kusamehewa. Alisema binti yake ameposwa, na ufunguo wa sanduku anao shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, anayetafuta sababu ya kuivunja posa ile.

"Ntalipa, mwanangu," akanambia. "Lakini mnidai mimi, msimdai binti yangu."

Wallahi maneno yale yaliniingia. Barua yake ilikuwa mezani kwangu, nimeshaigonga. Nikaichukua pamoja na muhuri, nikenda navyo kwa mudir. Nilikuwa mgeni kazini, lakini mdomo wangu sijapata kuuweza.

"Mudir, ufunguo wa sanduku lenu anao nani?"

"Baba mkwe wangu. Kwani?"

"Na gari yako si ya mkopo?"

Mudir akavuta mtoto wa meza, akautia muhuri ndani. Toka hapo tukatuma bahasha nyeupe, jina na anwani basi, na watu wakalipa vile vile.

Nimestaafu nikiwa mkuu wa kitengo hicho. Wanaotuma ujumbe wa simu kwa wadaiwa nliwafunza jambo hilo hilo: simu huachwa mkekani watu wakila, na mstari wa kwanza kila mtu anauona. Mstari huo usiseme kitu.

Yule mama alipomaliza deni alituletea halwa. Akasema shemeji yake kila mwezi akimletea barua zetu, mpaka akamuuliza benki hii inamtakia nini.

"Nkamwambia wananisalimia," akasema, akacheka, akaaga upesi. Binti yake alikuwa akimngoja garini, na mumewe.