Ngozi Inacheka, Nyama Haicheki

Mwaka niliohamia Rågsved, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm, Mrundi niliyepanga naye chumba aliniambia kwamba baridi ya huku hugandisha uso. "Ndugu yangu, theluji ikikukuta umenuna, utanuna mpaka Mei. Unadhani hawa wa kwenye treni wamezaliwa hivyo?" Nikawaangalia wale abiria wa asubuhi, nikaamini kabisa. Theluji ya kwanza ikanikuta natabasamu, na tangu hapo sikuthubutu kuacha. Nilisafisha maofisi yote ya Kista nikitabasamu, hata mashine za kahawa zikanizoea.

Januari ikaja simu kutoka Kigoma: mama amefariki. Karatasi zangu hazikuniruhusu kusafiri, wakamzika bila mimi. Nikaendelea kutabasamu.

Shida ilikuwa madirisha ya treni. Tukiingia tu kwenye handaki, kioo kinakuwa cheusi, na humo ananitazama mtu mwenye mashavu ya mama na mwanya wa mama, anacheka. Nikifumba midomo, anaondoka. Basi sikuifumba. Nilipitiliza kituo changu mara elfu na moja, nisimwache peke yake mle gizani.

Shule ya jioni niliketi na mwanamke wa Hong Kong, mpishi, umri wa shangazi yangu. Siku tuliyofundishwa maneno ya hisia alinong'ona kwamba Kiswidi ni maskini: furaha, hasira, huzuni, basi? Akanipa ya Kikantoni chake. Mwenye hasira ana uso mweusi.

"Kumbe mimi nina hasira tangu kuzaliwa!" nikasema, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Aliyeingiwa na hofu ana uso wa kijani na midomo myeupe. Aliyejaa uchungu ana uso wa tunda chungu la karela lililokaushwa juani.

"Na mimi je?"

Hapo hakucheka. "Wewe ngozi inacheka, nyama haicheki. Tangu Januari."

Nikamwambia yote: baridi, theluji, mama kwenye kioo. Kwamba nikinuna nitamfukuza, halafu uso utaganda hivyo hivyo, na yeye hatapata tena pa kurudi.

Akaweka kalamu chini. Kiswidi chetu kilikuwa kibovu sote wawili, kwa hiyo alisema polepole.

"Uso haugandi. Huyo kwenye kioo ni wewe. Mama yako amekufa."