Kaari Alivyokataa Kushuka Dunguni

Lydiah alikuwa mwalimu mkuu huko Runyenjes, mjane mwenye kujiheshimu, na hakukubali posa yoyote kabla hajaenda mwenyewe kuona kwao muoaji. Binti yake wa kwanza aliolewa hivyo, akaolewa pazuri. Alisema kwamba ili kumjua mtu, ilimtosha kuona anavyompokea mgeni.

Mwaka wa 1994, Ngari wa Ishiara alipomtaka Sheila, kitinda mimba wa Lydiah, mama huyo alivaa koti la kanisani akateremka hadi Ishiara kwenye joto bila kutoa habari. Alimkuta Kaari, mamake Ngari, katikati ya shamba la mawele, juu ya dungu la miti, akiwafukuza ndege kwa kombeo. Kaari alimsalimia kutoka kule juu, akamwonyesha kivuli, akaendelea kurusha mawe. Hakushuka. Lydiah alikaa na mkoba mapajani hadi jua likageuka, kisha akaondoka bila kuonja hata maji.

Nyumbani alimwambia Sheila kwamba watu wale wana dharau, na maneno yaishie hapo. Sheila hakubishana. Baada ya siku chache alileta habari kutoka kwa Ngari: huko Ishiara nako posa ilikuwa imevunjwa.

"Na nani?" Lydiah aliuliza.

"Mamake. Anasema una maringo. Eti ulikaa kivulini ukitazama ndege wakila chakula chao, hukuokota hata jiwe."

Hilo lilimchoma. Nyumba ya marehemu mumewe kutajwa hivyo katika soko la Ishiara, watu wakipima pojo?

Alirudi wiki hiyohiyo, safari hii bila koti. Hakungoja kukaribishwa. Aliokota debe tupu akaligonga, akawakemea ndege kwa sauti iliyozoea kunyamazisha shule nzima. Kundi zima likainuka, likahamia kwa jirani.

Kaari alicheka hadi akashikilia nguzo. "Mwalimu, sauti hii juzi uliiacha wapi?"

"Ilikuwa inangoja ushuke, Mama Ngari."

"Nikishuka, atapanda nani?"

Lydiah aliutazama mti wa kupandia dunguni, akavua viatu, akapanda. Kaari akamwachia kombeo, akashuka, akaenda kumpashia mgeni wake uji. Kabla hajafika jikoni, ndege walikuwa wamesharudi.

Baada ya mavuno, wazee wa Ishiara walipokelewa Runyenjes, wakiwa na posa ya Sheila.