Sukari Iliyokwisha kwa Kiingereza

Wananichosha watu wanaoongezea “hakuna” Kiingereza. Miaka ile ya ujamaa binti yangu alijifungua, maziwa hayatoki, nikaenda duka la kijiji pale Kisaka kutafuta sukari ya uji wake wa ulezi.

“Shikamoo, mama. Sukari imekwisha,” akasema muuza duka.

“Kabisa?”

“Kabisa! Kompliitli! Totali!” Huku mguu wake umekanyaga gunia nyuma ya meza, haubanduki.

Jamani, kitu kilichokwisha kinataka maneno yote hayo? Nikaketi mlangoni. Akaja bwana afisa, akapimiwa sukari kutoka gunia lile lile. Nikanyoosha kibuyu changu: “Na mimi, mwanangu, nipimie hiyo ya totali.”

Akanipimia, Kiingereza chote kimemkauka. Hadi leo, mtu akiniambia kitu kimekwisha kompliitli, natazama kwanza miguu yake.