Nilivyorudi Bwera na usingizi wa mchana kutoka China

Salaam wakuu. Miaka yote mimi ni msomaji wa kimya humu, leo na mimi naweka changu mezani. Haya yamenikuta mwenyewe na chumvi sijaongeza. Ukisikia pilipili, ujue ilikuwemo tangu jikoni.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Bwera, huku Kasese, Uganda, mpakani na Congo. Nilibahatika kupata kazi ya kufundisha Kiingereza shule ya msingi China. Mji mdogo tu, sio ile ya maghorofa mnayoiona kwenye simu. Nilikaa miaka kadhaa.

Kila mtu huniuliza kama nilikula nyoka. Sikula nyoka. Nilikula wali na mboga, kesho yake mboga na wali.

Kilichonishangaza kilikuwa kingine kabisa.

Siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, niliingia darasani na chaki mkononi, nikakuta watoto wote wameinamisha vichwa kwenye madawati. Mapazia yamefungwa. Kimya.

Nikajua wamekula kitu kibaya. Nikatoka mbio mpaka staff room kuita msaada, na huko nikakuta walimu nao chali! Kila mmoja na kitanda chake cha kukunja.

Mwalimu Liu, mama mtu mzima tuliyekuwa tunatumia meza moja, akafungua jicho, akaniangalia na jasho langu, akaweka kidole mdomoni. Kisha akaendelea kulala.

Kumbe ndiyo desturi. Pale mchana shule nzima inalala, mpaka mlinzi wa geti.

Sasa sisi tuliosoma huku tunajua kusinzia darasani kulikuwa na bei gani. Fimbo, au unamwagiwa maji mbele ya wenzako. Kwa hiyo wiki za mwanzo nilikuwa nakaa macho peke yangu, nawaza nyumbani. Ule ukimya ulinitesa sana. Kelele ikiisha ndipo mtu anajua yuko mbali na kwao.

Baridi ikaingia. Siku moja nikashindwa, nikalala juu ya meza.

Kuamka, nimefunikwa koti. La Mwalimu Liu. Yeye amekaa na sweta tu, anasahihisha madaftari huku anapuliza vidole. Kesho yake nikakuta kitanda cha kukunja kimeegemezwa upande wangu wa meza.

Wakuu, tangu utotoni hakuna mtu aliyewahi kunifunika nikiwa nimelala. Nasema bila aibu, siku ile niliwapenda wale watu.

Mkataba ukaisha, nikarudi Bwera na vitu viwili: kunywa maji ya moto matupu (majirani bado wananiuliza kama naumwa) na ule usingizi wa mchana.

Nikapewa P.4, yaani darasa la nne. Watoto wetu mnawajua. Kabla ya kengele mmoja ameshateka maji, mwingine ameshuka milima ya Karambi kwa miguu. Mchana wanasinzia, fimbo inafuata. Mimi nikasema hapana. Wakimaliza posho (ndio ugali wetu) na maharage, vichwa chini, muda mfupi tu.

Siku ya kwanza walicheka mpaka basi. Ya pili wakalala kweli.

Nilikuwa nasimama mlangoni nasikiliza wanavyopumua, narudishwa kule kwenye mapazia na baridi. Raha yake siwezi kuieleza.

Habari hazina miguu lakini zinafika. Mama Kavira, mwenyeji wa Butembo kule Congo anayeuza vitenge soko la Mpondwe, alikuja juu mbele ya ofisi:

"Mimi nilileta mutoto asome! Kulala iko kwa nyumba. Huyu mwalimu alienda Chine kujifunza buvivu?"

Hedimasta akaniita. "Mwalimu, this is not China. Jumatano wazazi wanakuja. Wakikataa, unaacha hii kitu, na fimbo inarudi kazini."

Nilikosa raha wiki nzima. Kwao kilikuwa kitu kidogo. Kwangu ndicho kilichokuwa kimebaki cha kule, na kingetoka, watoto wangerudi kuchapwa kwa sababu ya uchovu.

Jumatano ikafika. Kikao baada ya chakula, chini ya mabati, jua lile. Mwenyekiti wa wazazi ni mtu wa maneno, akaanzia pale msingi wa shule ulipochimbwa. Mama Kavira amekaa mbele kabisa, anasubiri zamu yake ya kunimaliza. Lakini alikuwa ametoka sokoni, na sokoni aliingia alfajiri.

Kichwa kikaanza kushuka. Kikapanda. Kikashuka, hakikupanda tena.

Watu wakacheka chini chini. Hedimasta akanyoosha mkono amgonge begani. Sijui nini kilinisukuma, nikaweka kidole mdomoni kwangu kumzuia, kama alivyonifanyia Mwalimu Liu. Nikavua koti langu nikamfunika yule mama.

Mwenyekiti akapunguza sauti, mwisho akanyamaza. Tukakaa hivyo, wazazi wote, tunasubiri mtu mmoja amalize usingizi wake.

Alipoamka akalishika lile koti, akaligeuza geuza. Nikajua leo natukanwa.

"Mama, ulikuwa na maneno," hedimasta akamwambia.

Akajifuta macho yenye usingizi.

"Kambale anaamuka pamoja na mimi," alisema. "Tunabeba mizigo, njo anakuja ku masomo." Kambale ni mwanawe, yuko P.4 yangu. Akalikunja koti, akanirudishia kwa mikono miwili. "Muache batoto balale, mwalimu."

Mwenyekiti akafunga kikao.

Kesho yake nikamtumia Mwalimu Liu kavideo ka darasa langu limelala, na maelezo kwa Kichina changu cha kuokoteza. Nilitegemea pongezi. Akajibu:

"Yule wa dirishani hana kitu mgongoni. Mfunike."

Wa dirishani ndiye Kambale. Saa saba mchana Bwera, mabati yanapasuka kwa joto. Nilienda nikamfunika hivyo hivyo.

Funzo langu ni kwamba ukikaa kwa watu, usirudi na simu na viatu peke yake, rudi pia na namna walivyokutunza.

Haya, nyie mliowahi kuishi ugenini: mlirudi na nini ambacho nyumbani walikicheka kwanza? Shusheni hapa chini, mimi nipo na maji yangu ya moto.