Suti ya Drafti Niliyoendea Posa Endabash

Msinicheke kabla sijamaliza, chekeni mwishoni, maana najua mtacheka tu, hata mimi ningecheka kama aliyekuwa ndani ya ile suti angekuwa mtu mwingine. Ila aibu yake bado ninayo, nikipita Endabash navuta kofia mpaka puani.

Ilikuwa miaka ile ya kukosa kila kitu, sabuni hakuna, sukari hakuna, kitambaa cha maana hakuna, ukimwona mtu kavaa suruali mpya unamuuliza kaiba wapi. Rafiki yangu Emanueli (huyu nimechunga naye ndama tangu hatuna meno ya mbele, ukimgusa yeye umenigusa mimi) alikuwa amempenda msichana mmoja wa Endabash, Paskalina, na siku ya kwenda kwao kuposa ikapangwa. Mshenga alikuwa awe mjomba wake, mzee mpole, lakini malaria ikamlaza wiki hiyohiyo. Nikasema, "Nitasema mimi."

Emanueli akaniangalia. "Wewe? Wewe unagombana hata na mbuzi."

"Yule mbuzi alianza yeye."

Akakubali, angefanya nini, ila akaniambia nivae shati langu jeupe, linatosha.

Linatosha! Neno hilo ndilo lililonichoma. Rafiki yangu anaposa mke, mimi mdomo wake niende na shati la kanisani lililochakaa kola? Nikaenda mnadani Karatu, nikauza beberu wangu, nikaanza kuzunguka kwenye nguo. Ndipo nikaiona. Suti ya mirabaraba, drafti zenyewe kahawia na manjano na kamstari kekundu kamepita katikati, bitana ndani inateleza kama samli, mshono huoni uzi umeanzia wapi. Na bei rahisi kabisa! Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikajiona mjanja. Nyuma ya koti, kwenye pindo, kulikuwa na kiraka cheusi ukubwa wa kiganja, nikamuuliza muuzaji, "Na hiki?" Akasema, "Kaka, hiyo ndiyo fasheni yenyewe." Nikalipa haraka kabla hajabadili mawazo.

Siku ya siku tukapanda tela la trekta. Emanueli alikaa, mimi nilisimama safari nzima nisije nikaikunja suti, na miwani myeusi ya kuazima kwa ajili ya vumbi, watu wa njiani wananipungia mkono, na mimi nawapungia. Njiani Emanueli akanikumbusha jambo moja tu: ukweni mposaji hafungui mdomo. Mshenga ndiye anayesema. Mposaji akiropoka, posa imekufa hapohapo.

"Wewe nyamaza," nikamwambia, "niachie mimi."

Tukapokelewa vizuri. Mzee Gwandu, baba wa Paskalina, akatukalisha, tukaamkia, nikaanza yale maneno niliyofundishwa na mjomba akiwa kitandani, kwamba tumepita njia, tumeona zizi hili lina ndama mzuri, na mzee anaitikia kwa kichwa, naona mambo yananyooka. Akaingia Mama Paskalina na sufuria ya chai, ameishika mkono mmoja kwa kipande cha gunia, mkono mwingine kwa kitambaa cha drafti. Kahawia na manjano. Na kamstari kekundu.

Mtu mwingine angekunywa chai akanyamaza. Mimi nikacheka kwa sauti, "Lo, mama! Kumbe mimi na wewe tuna fundi mmoja!"

Mama akaweka sufuria chini polepole. "Baba Paskalina, mwambie huyu kijana ageuke."

Nikadhani anataka kuisifu suti! Nikasimama, nikageuka kwa maringo, hata koti nikalivuta lishuke vizuri. Mama akaja nyuma yangu na kile kitambaa, akakibandika juu ya kiraka. Mistari ikakutana yote.

"Ni yeye," akasema.

Kumbe mwaka wa nyuma ilikuja bendi moja hapo kijijini, wanaume watano na suti za sare, waliahidi kupiga muziki wa mavuno. Mzee Gwandu akawachinjia mbuzi wawili. Walipokwisha kula wakasema wanafuata petroli ya jenereta, wakamwacha mwenzao mmoja kama dhamana, mwenye miwani myeusi. Jua lilipoanza kushuka na wenzake hawaonekani, dhamana akaruka sengenge, pindo la koti likabaki kwenye waya.

"Mzee, mimi suti hii nimenunua mnadani!"

"Na miwani nayo umenunua mnadani?"

"Nimeazima!"

"Mbuzi wangu nao uliazima?"

Nikamgeukia Emanueli. "Mwambie basi! Mwambie mimi ni nani!" Emanueli jasho linamtiririka, mdomo ameufunga kama amemeza kaa la moto, anatikisa kichwa tu. Mzee akasema, "Unaona, hata mwenzako anashindwa kukutetea."

Hapo hasira zikanipanda (mnanijua). Nikasema, "Kama mbuzi wenyewe ni kama wale niliowaona hapo nje, basi waliowala ndio wa kuhurumiwa!"

Hata kuku aliyekuwa mlangoni alitoka. Mzee akasimama, akachukua fimbo yake. "Chukueni maneno yenu mwende. Posa imekwisha."

Nikamwangalia Emanueli. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nazo. Alikuwa anaangalia mlango wa jikoni, kule Paskalina aliko, machozi yamesimama. Kwa maneno ya kwangu mimi, niliyemwambia aniachie. Nikapiga magoti kwenye vumbi, na suti yangu.

"Mzee, mbuzi nimekula mimi. Wote wawili. Huyu hahusiki, hanijui vizuri, alinikodi tu. Na muziki wenu nitaulipa sasa hivi."

Nikatoka uani nikaimba. Gitaa nikapiga kwa mdomo, ngoma nikapiga kwenye debe, nikakata kiuno ndani ya drafti, majirani wakajaa mpaka kwenye sengenge, ng'ombe wakaanza kulia, sijui kwa kunijibu au kwa kunikataza. Wimbo wa pili sikufika katikati. Mzee Gwandu alikuwa ameegemea nguzo, anafuta machozi ya kucheka.

"Basi, basi! Kijana, nisamehe. Sasa naamini si wewe. Hakuna bendi duniani ingemshonea sare mtu mwenye sauti hii."

Kisha akamshika Emanueli begani. "Binti tutazungumza. Lakini mshenga mkalete mwingine."

Mjomba alipopona akaenda yeye, akamaliza mambo yote kwa mchana mmoja, bila kupandisha sauti. Emanueli na Paskalina wakaoana, na mpaka leo watoto wa Endabash wakiniona wanapiga gitaa kwa mdomo, nami siwezi kuwakimbiza, wengine ni mashemeji.

Kwa hiyo sikilizeni: kitu kizuri kikiwa rahisi, kabla hujalipa uliza kimetoka kwa nani. Mimi sasa nguo zangu ni rangi moja mbele na nyuma, na nikialikwa kwenye posa nakaa mwisho kabisa wa benchi, mdomo nimeujaza ugali.