Sanamu Lililokataa Kuyeyuka

Ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mliokulia Pemba wakati wangu mnaujua, sina haja ya kuutaja kwa tarakimu. Mchele ulipotea madukani, tukapewa unga wa mahindi ya njano kwa foleni, na ugali wake ulitoka jikoni una rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Tulikula kwa mchicha, tulikula kwa dagaa, siku nyingine tulikula kwa chumvi. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la nne. Nikitaka kukumbuka mwaka nauliza tumbo langu tulikula nini. Na huo wa unga wa njano ndio mwaka bibi yangu alipochoma sanamu la watu.

Limenirudia kwa sababu ya mwanangu. Kaja juzi kutoka Gombani na fundi wa bati kutazama paa, maana mjukuu wangu anaolewa na hawataki wageni wavujiwe. Kapanda darini, kateremka na kitu kimefungwa kwenye kanga iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki. Kafungua.

"Mama, hiki nini?"

Nikamwambia kiweke chini polepole. Nikakitazama. Nilidhani nitahisi kitu, nisihisi. Niliyoyahisi ni magoti tu, yalikuwa yananiuma tangu alfajiri.

Sasa kaa nikwambie.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi, hapa hapa Wete, na usidhani mfinyanzi wa kubahatisha. Chungu chake ukikigonga kwa ukucha kinalia. Udongo tuliuchimba bondeni, pembeni mwa mashamba ya mpunga, mpunga ukishavunwa na bonde kukauka kidogo. Tuliubeba kwa vikapu kichwani, tope linatuchirizika shingoni. Nyumbani unapondwa, unatolewa vijiwe na mizizi, unalowekwa, halafu unakandwa kwa miguu mpaka ukiushika haugandi kidoleni. Kazi ya miguu ilikuwa yangu. Bibi akiwaambia watu, mbele yangu, kwamba mtoto huyu ana miguu mizuri ya kukandia, na mpaka leo sijapewa sifa nyingine iliyonikaa kama hiyo.

Mtaa wa nyuma palikuwa na duka la Wahindi. Si wale Waislamu, hao duka lao lilikuwa juu karibu na msikiti. Hawa walikuwa Wahindu, na mama wa duka hilo alikuwa shoga wa bibi yangu. Kazaliwa hapa hapa, na akigombana na mchuuzi wa samaki ungedhani ni Mpemba wa Micheweni. Kila mwaka, wakati wa kuanikwa karafuu za kwanza, alikuwa na siku yake ya kumkaribisha nyumbani Ganesha, huyo mungu wao mwenye kichwa cha ndovu. Alimtaka wa udongo mbichi, udongo mtupu, usiotiwa rangi wala dawa. Desturi yao ni hii: wanamfinyanga, wanamweka nyumbani kama mgeni, wanampa maua na nazi na vitu vitamu, na siku yake ikifika wanamzamisha majini ayeyuke, arudi alikotoka. Yeye alimzamisha kwenye ndoo uani kwake, na yale maji ya tope akaumwagia mrihani wake. Hakikubaki kitu. Mrihani ule ulikuwa mnene kama kichaka.

Udongo alichukua kwetu, na bibi, Mwislamu asiyefinyanga sura ya kiumbe, alikuwa na mpaka wake.

"Udongo nakupa, shoga, na kuukanda utakandiwa. Sura utaiweka mwenyewe."

"Nani kakuomba sura? Vyungu vyako vyenyewe midomo imekwenda upande."

"Ndivyo hivyo unavyopikia mchuzi."

Basi, yaliishia hapo. Hawakuhubiriana. Mama wa dukani alikuja kufinyangia barazani kwetu, maana uani kwake palikuwa na jua kali la kupasua udongo. Yeye anatengeneza masikio ya ndovu, bibi kampa mgongo anamalizia chetezo cha kufukizia udi, na midomo yao haifungi. Hata ladu, vile vitamutamu vyao vya duara, alizotuletea sikukuu hiyo, zetu alizitenga mapema, kabla za kwao hazijawekwa mbele ya sanamu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona mwenyewe.

Mwaka wa unga wa njano akafiwa na mumewe. Akawa mtu wa kimya, anapima sukari kimya, anafunga duka kimya. Sanamu la mwaka ule alilifanya taratibu mno, sikio moja lilimchukua asubuhi nzima. Lilikuwa dogo, la kukaa kiganjani mwa mtu mzima, tumbo limetuna, mkonga umepinda kushoto, na vidole vya miguu vina kucha. Akaliacha barazani likauke, akaenda dukani.

Siku ile bibi hakulipa mgongo. Alikaa na kikombe chake cha chai ya rangi, anakunywa analitazama, anakunywa analitazama. Akasema, "Mtu kafiwa, kafanya kazi kama hii, halafu aende akaimwage kwenye ndoo."

Mumwelewe. Mfinyanzi anapigana na maji maisha yake yote. Chungu kibichi kikinyeshewa, kazi yako imekwisha, unaanza tena bondeni. Kumfaa mtu, kwa bibi yangu, kulikuwa ni kumchomea chombo chake kisiharibike. Wema mwingine hakuujua. Basi akachukua kijiti, akalitoboa sanamu kwa chini, akalichokoa tumbo kwa ndani lisije likapasuka motoni, na siku ya kuchoma akalipanga katikati ya vyungu. Makumbi ya nazi chini, makuti makavu juu, majani mabichi ya kuzuia moto usiruke. Lilitoka jekundu, zima, halina ufa hata wa unywele. Akalifuta majivu kwa upindo wa kanga, akaenda nalo dukani, mimi nyuma yake. Sijamwona akitembea vile tena, kidevu juu, kama mama mzazi wa bwana harusi.

Mama wa dukani akalipokea kwa mikono miwili. Akaligonga kwa ukucha. Likalia. Akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Umemchoma."

"Nimekuchomea. Sasa haharibiki."

"Shoga, sasa huyu ataondokaje?"

Sikukuu yenyewe ilikuwa kesho yake, sanamu jingine lisingewahi kukauka. Wakamweka huyo huyo. Tuliletewa ladu kama kawaida, ila unga wa dengu haukuwepo, kazifanya kwa ule ule unga wa njano na sukari guru. Zilikwama kooni, na tulizimaliza.

Siku ya kumzamisha bibi alikwenda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasimama mlangoni mwa ua, mimi nimeshika kanga yake. Sanamu likatiwa ndooni. Likatoa mapovu, madogo madogo, yanapanda juu kwa mstari. Mama wa dukani akainama. "Anaanza," kasema. Haikuwa kuyeyuka. Chombo kilichochomwa ukikitia majini kinakunywa maji, na hewa inatoka. Bibi alilijua hilo, hakusema. Mapovu yakaisha. Asubuhi yake maji yalikuwa meupe vile vile yalivyotiwa, na yule kakaa chini ya ndoo anatutazama. Mrihani haukupata kitu mwaka ule.

"Nifanyeje?" bibi akauliza. Sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu hivyo. "Nimvunje?"

"Usimguse!"

Kamtoa, kamkausha kwa mtandio wake, na hapo nikamwona yule mjane anacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Kishakuwa Mpemba huyu. Kakataa kuhama."

Miaka iliyofuata alifinyanga wengine wabichi, akawazamisha, mrihani ukanywa. Akimwacha barazani kwetu akauke, anapiga kelele tangu njiani, "Shoga, huyo usimchome!" Mtaa mzima ukaishika. Mtu akituachia kuku, usimchome. Mtu akimwacha mtoto aende sokoni, bibi, usimchome. Bibi ananuna, anacheka, ananuna tena.

Halafu watoto wa kiume wa dukani wakahamia Dar es Salaam, mmoja akamvuta mwenziwe, mwisho wakaja kumchukua mama yao. Hakutaka, lakini rafu za duka zilikuwa zimebaki tupu na watoto wameshaamua. Asubuhi ya safari alikuja kwetu na yule mwekundu, kamfunga kwenye kanga aliyopewa na bibi mwenyewe.

"Nilimwomba aondoke akakataa. Sitamlazimisha leo. Niwekee."

Bibi yangu, aliyeishi akizikwepa sura, akanyoosha mikono akapokea. Hawakulia. Gari likapiga honi. Bibi akarudi kwenye udongo wake, na siku ile udongo ulimshinda, kila alichokianza kilimwinamia.

Karibu na kufa kwake aliniita, kaniambia darini kuna amana ya mtu, weka. Hakusema mpaka lini. Nikaweka. Nikaolewa, nikazaa, nikafiwa, nikapata wajukuu ambao nikianza kuwasifu hamtalala. Huyu anayeolewa ni mwalimu wa sekondari, na mwandiko wake ubaoni hata mimi wa darasa la nne nausoma. Ndiye aliyeshika simu juzi, kauliza huku, kauliza kule, mpaka kampata mjukuu wa mama wa dukani, binti mkubwa tu, yuko Dar es Salaam. Akanipa nizungumze.

Sauti nzuri, Kiswahili cha mjini. Nikamweleza habari ya amana. Akasema bibi yao kafariki zamani sana. Kasema kwa upole, kama mtu anayekwambia duka limefungwa. Kasema nyumbani wana Ganesha wa shaba, na siku ya sikukuu wananunua wa kuzamisha. Kwa muda walikuwa wananunua wa plasta waliopakwa rangi, wanaganda baharini hawaishi, samaki wanakula rangi. Sasa watu wamezinduka, wanataka wa udongo mbichi, mtu anamyeyusha kwenye ndoo nyumbani, maji anamwagia maua.

"Ni kitu kipya, bibi, hakiharibu mazingira."

Nikasema ehee.

"Hiyo yako imechomwa, haitufai. Itupe tu, usijisumbue."

Nikasema haya, mwanangu. Nikamrudishia mjukuu simu yake, nikaenda kupepeta mchele. Niliupepeta wote. Nilisubiri machozi, hayakuja. Bondeni tulipochimba pamejengwa nyumba za matofali. Duka limekuwa la vocha na chaja. Vyungu hanunui mtu, watu wana sufuria, na mimi wa mwisho kuukanda udongo ule siwezi hata kuchuchumaa. Yote hayo niliyapitisha kichwani nikapepeta, na ilikuwa kama nahesabu nguo kambani.

Mwanangu akanifuata jikoni. Kakisimamisha kile kidude juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mama, umesikia mwenyewe. Aliyekiacha kafa. Wajukuu zake hawakitaki. Sisi Waislamu, wiki ijayo nyumba inajaa watu, shehe anakuja kuozesha hapa. Watasema nini? Nipe nikakitose baharini."

"Niliambiwa niweke. Naweka."

"Unamwekea nani?"

Nikachukua kanga, nikamfunga yule mkonga kwanza, halafu masikio. Mwanangu kakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mtu mzima na mvi zake, kashika kichwa.

"Haya mama, na ukifa wewe? Sisi tukifanyeje?"

"Niliambiwa niweke. Naweka."