Mzee wangu alinunua hisa iliyokonda akisubiri inenepe

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii siyo chai ya kutunga, wala sijaisikia kwa jirani. Imetokea kwangu hapa Mpanda, na mhusika mwenyewe yuko nje anaota jua wakati naandika. Wale wa "weka picha" mpite tu, leo sina nguvu ya kubishana.

Mimi nauza dawa za mifugo, duka liko njia ya stesheni. Baba yangu ni Msukuma mfugaji. Alihamia huku na ng'ombe kabla sijazaliwa, akaweka boma upande wa Inyonga.

Biashara iliyotulea ilikuwa moja. Kiangazi kikikolea, majani yamekauka na watu wana shida, baba anaenda mnadani na kuchagua ng'ombe aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika. Wenzake wanamcheka. Yeye anampeleka malishoni anatulia. Mvua zikinyesha, ng'ombe anajaa, anamrudisha mnada uleule na wale waliocheka ndio wanamnunua.

Ada zetu zote za shule zilitoka kwenye mbavu zile, kwa hiyo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumbishia.

Kuna ng'ombe mmoja tu ambaye hakuwahi kuwa wa biashara. Anaitwa Nyanza, mwekundu, ana doa jeupe pajani. Huyo ndiye aliyevaa kengele. Akitangulia, kundi zima linafuata, hata kama mchungaji amelala. Wanunuzi walimtaka kwa bei za kutisha, baba anawajibu, "Wa kengele haulizwi bei." Wanaondoka wamenuna.

Sasa mzee akaanguka na pikipiki, nyonga ikaharibika, kutembea ikawa kwa fimbo. Wachungaji wa kuajiriwa nao mnawajua. Mara fisi kala, mara ng'ombe kapotelea porini. Mwisho akaamua kuuza kundi lote kwa jirani yake, Mzee Masanja, akahamia kwangu mjini.

Nyanza naye aliondoka, maana bila yeye kundi lisingetulia. Ila walikubaliana kwamba siku Masanja akitaka kumuuza au kuhama, baba apewe nafasi ya kwanza ya kumnunua tena.

Baba akaniita. "Hela isilale. Itafutie kitu kinachozaa, siku moja nimrudishe Nyanza."

Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka. Siyo nyumba, siyo gari.

Wakuu, mimi wakati huo nilikuwa nimekolea na hisa. Nilikuwa nasoma nyuzi za humu mpaka mke wangu ananuna. Nilichokuwa nimekishika ni hiki: kwanza angalia sector gani, yaani biashara za aina gani, inapanda. Halafu ndani ya hiyo sector usihangaike na kila kampuni, tafuta leader, ile ambayo faida inakua, gawio linatoka, na wanunuzi hawakosekani. Kipindi kile yaliyokuwa yanapanda ni mabenki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshanunua kidogo kwenye benki inayoongoza. Majina sitaji, msinisumbue inbox.

Nikamwambia, "Baba, kwenye mabenki kuna moja inaongoza, tuingie hapo."

"Bei yake?"

Nikamtajia. Akaguna.

"Hiyo imeshanenepa, mwanangu. Ukinunua aliyenona utampeleka wapi tena? Humohumo hakuna iliyokonda?"

Ilikuwepo. Benki ndogo, bei iko chini kabisa, gawio halijaonekana muda mrefu.

"Basi chukua hiyo. Si wote wanakula malisho yaleyale?"

Nilimweleza sana. Leader, volume, trend, nikamwaga Kiswahili chote cha mtandaoni. Alinisikiliza kwa heshima kama anavyomsikiliza bwana mifugo wa serikali, halafu akasema ng'ombe walikuwa wake. Na kweli walikuwa wake. Nikafungua app nikanunua.

Baada ya hapo leader akaendelea kupanda. Ile iliyokonda ikalala palepale, halafu ikaanza kushuka.

Kila Jumamosi baba alikuwa anauliza, "Imenenepa?"

"Bado, baba."

"Subiri mvua."

Zangu zilikuwa zinapanda na nilikuwa naficha simu akikaribia. Niliona aibu kufurahi mbele yake. Msinipongeze, maana zilikuwa chache mno, hata ningeuza zote nisingefika kwenye mkia wa Nyanza.

Siku moja Mzee Masanja akaja na bodaboda. Malisho yamebana, anahamisha mifugo kusini. "Nimekuja kutimiza neno letu," akasema. "Njoo umchukue Nyanza kabla hatujaondoka."

Wakuu, sijawahi kumuona mzee wangu na furaha ile tangu aanguke. Alimwambia mke wangu atafute mtu wa kujenga zizi dogo nyuma ya choo. Akaanza kutembeatembea uani bila fimbo, tukawa tunamkemea.

Nikaweka order ya kuuza zile hisa za baba. Kimya. Broker, yule wakala wa hisa, akasema nishushe bei. Nikashusha. Kimya. Nikashusha tena mpaka roho ikauma. Hakuna mnunuzi.

Nikamweleza baba. 

"Aliyegoma kunenepa tunampelekaga bucha. Hiyo nayo ipelekeni bucha."

"Haina bucha, baba."

"Haina hata nyama?"

"Haina."

Nikamwambia nitakopa. Akakataa, hataki kumrudisha Nyanza kwa mkopo halafu wenye mkopo wakaja kumfungua mbele yake.

Siku Masanja anahama, baba aliomba nimpeleke akamuage Nyanza. Tulikuta kundi limeshatoka bomani, kengele inasikika kwa mbali. Baba alishuka akasimama pembeni ya njia, akaita mara moja tu. Nyanza akaacha njia, akaja akanusa mkono wake. Na kundi lote likasimama. Vijana wa Masanja walipiga mluzi mpaka wakachoka, hakuna aliyesogea hatua.

Baba ndiye aliyemsukuma shingoni akamwambia nenda. Akaenda, na wote wakafuata.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Siku ile ulisema inayoongoza. Inaongoza nini?"

Nikamjibu, "Inatangulia, baba. Ikipanda, wengine wanaifuata. Kama Nyanza."

Tunaingia Mpanda, akauliza tena.

"Mbona hukusema ndiyo ile ya kengele?"



Nilichojifunza wakuu: sector ikipanda haina maana kila aliyemo atapanda. Mwingine amekonda kwa njaa, mwingine kwa ugonjwa. Mnadani baba angemfungua mdomo, angemtazama macho, angemshika mgongo. Kwenye simu hakuwa na cha kushika, alikuwa na maneno yangu tu. Kwa hiyo ukimweleza mzazi mambo haya, tumia maneno aliyoishi nayo, achana na ya YouTube.

Order bado ipo kwenye app. Jumamosi hizi baba haulizi tena, na kwa kweli ningependa aulize. Zizi liko nyuma ya choo, mke wangu anaanikia kuni.

Wenye uzoefu wa kuuza hisa isiyo na mnunuzi, nipeni njia, nasoma comments zote. Na kama kuna mtu yuko njia za kusini, ukiona kundi linapita na ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe pajani, naomba uniandikie tu kama bado ndiye anayetangulia. Nikamwambie mzee.